Mkwe Alipima Kote, Akaruka Pale Niliposimama Mimi

Nina miaka arobaini na nane. Naishi Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo siku hizi naizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi ndani. Nikianza kuosha vyombo naviacha na povu lake, nakwenda kuangalia barabara. Majirani wameshanizoea. Wanasema Mama Nyangeta ana shetani wa miguu. Acha waseme. Wangekuwa na kilichomo kifuani mwangu, wao wangekimbia mpaka Tarime bila viatu.

Ndugu zangu mnaosoma, mkono wangu wa kulia hauna kidole cha kati, na kile kinachofuata hakikunjiki tena. Haya nayaandika kwenye simu kwa dole gumba la kushoto, kwa hiyo mkikuta nimekosea mahali mnisamehe. Naandika nikiwa na hasira pia, siwafichi. Ila sijui vizuri hasira yenyewe niielekeze kwa nani...

Mimi ni mzaliwa wa Butiama. Niliolewa nikaletwa Musoma, nikazaa mtoto mmoja tu, Nyangeta. Baba yake yuko Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu. Akipata anarudi, asipopata harudi, na miaka mingi amekuwaga hapati. Kwa hiyo mtoto nimemlea mimi, kwa mshahara wa kiwanda cha minofu ya samaki kule ziwani. Sangara anaingia mzima mlango wa nyuma, anatoka mlango wa mbele akiwa minofu iliyogandishwa kwenye katoni. Mimi nilikuwa chumba cha kufungasha. Kazi yangu ilikuwa kupanga minofu ndani ya katoni, kuifunga na kuisukuma mbele yangu. Mimi ni mfupi, nilikuwaga nasimama juu ya kreti la plastiki nililoligeuza, na kreti hilo kila mtu alijua ni la Mama Nyangeta. Ukilichukua, siku hiyo utanisikia mpaka kesho.

Zamani katoni zile tulizibeba wenyewe na kuzipanga kwenye chaga. Migongo ilikwisha. Wenzangu wengi waliacha kazi wakiwa hawawezi hata kuinama kuwasha jiko. Ndipo kampuni ikaleta roboti.

Msifikirie yale ya kwenye sinema, yenye macho na miguu. Ni mkono tu. Mkono wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, umefungwa katikati ya meza zetu, unainama, unachukua katoni, unageuka, unaipanga. Hauna uzio. Walituambia roboti wa namna hii ametengenezwa kufanya kazi katikati ya watu. Anakwenda taratibu, na akikugusa tu anajisikia na kusimama. Siku ya kwanza hakuna aliyeamini. Msimamizi wetu akaweka bega lake mbele ya ule mkono, ukaja, ukamgusa, ukasimama kimya. Tulicheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo tukaupa jina la Shemeji, kwa sababu shemeji ndiye mtu unayeweza kumsukuma, kumtania na kumgusa bila kosa. Mtu akichoka anamgusa Shemeji kwa kiwiko, Shemeji anasimama, wote tunapumua. Tulimpenda, nasema ukweli.

Fundi wa Shemeji alikuwa kijana mmoja kutoka Bunda, anaitwa Magesa. Wazazi wake wanalima pamba na kufuga. Alisomea umeme chuo cha ufundi, kisha kampuni ikampeleka Mwanza kujifunza mambo ya roboti. Kijana mpole, anaongea kama anaomba. Nyangeta alikuwaga ananiletea chakula cha mchana getini... na ninyi ni watu wazima, mnajua yanavyokwenda. Siku moja nikashangaa chakula kinachelewa kunifikia na binti yangu anacheka peke yake.

Waliposema wanataka kuoana sikukataa. Ng'ombe walitoka Bunda, wakafika Butiama kwa kaka zangu, ndoa ikafungwa kanisani. Kila mtu alifurahi. Lakini pale pale, Magesa akawa mkwe wangu, na tukabaki tunafanya kazi chumba kimoja.

Kwa wale ambao hawajui mila za kwetu, niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Mkwe hakalii kiti cha mama mkwe wala kukanyaga pale anapokaa. Akikuona anashuka njia, na wewe unageuza uso. Siyo chuki hata kidogo. Ni heshima, heshima kubwa kuliko zote. Na siyo mama mkwe mmoja tu, dada zangu wote nao ni mama wakwe zake, kwa sheria ile ile.

Iko namna ya kuilegeza. Mkwe analeta mbuzi, wazee wa pande mbili wanakaa, nyama inaliwa, mnapeana mkono mbele ya watu, basi, mnaweza kuishi kama watu. Ila baba wa binti lazima awepo. Na baba wa binti si yuko Buhemba? Kila tukipanga siku, anatuma ujumbe kwamba shimo linakaribia kutema dhahabu. Mbuzi alifungwa kamba Bunda akisubiri, mpaka wakamla kwenye sherehe nyingine.

Basi tukaishi hivyo hivyo kiwandani. Mimi naingia mlango wa bafu la miguu, pale tunapooshea gambuti, yeye anaingia mlango wa mashine. Nikiwa kwenye foleni ya chai, yeye hanywi. Wenzangu walitusaidia sana. Utasikia mmoja anasema, "Mama, mwanao anapita, geuka." Nageuka. Akitaka kuniuliza kitu cha kazi anamuuliza jirani yangu wa mezani, naye ananiuliza mimi, ingawa sote tunasikiana. Wanawake walimsifu. Walisema kijana wa siku hizi, mwenye tablet mkononi, na bado anajua heshima! Na mimi kichwa kilivimba. Nilijiona nimepata mkwe wa kuonyeshwa watu.

Sasa sikilizeni jambo lilipoanza.

Ulikuja msimu wa oda nyingi. Katoni zikawa kubwa zaidi na nzito zaidi, na Shemeji akaanza kusimama ovyo. Anabeba, anahisi uzito, anadhani amegusa mtu, anasimama. Meneja akawa anakuja chumbani kila mara, anapiga kelele kwamba mzigo umechelewa. Magesa akaambiwa aongeze mwendo na nguvu kidogo, ili mkono usisimame kwa sababu ya katoni tu. Akafanya.

Lakini kuna utaratibu, na sisi sote tulifundishwa. Ukibadilisha mwendo au nguvu za roboti, lazima upime upya nafasi ya kila mtu. Fundi anakuja na kipimo chake, kidude cha chuma chenye kioo, anasimama pale pale anaposimama mfanyakazi, anaweka kipimo pale mkono wa mfanyakazi unapofikaga, na kumwacha roboti aje akigonge. Kioo kinaonyesha amegonga kwa nguvu gani. Namba ikizidi, anapunguza. Hakuna njia ya kufanya hilo ukiwa mbali.

Siku hiyo Magesa alianza na meza ya kwanza. Akamwomba mama wa pale apishe, akasimama yeye, akapima, akarudia. Akaenda ya pili. Akafika kwa jirani yangu, akapima. Mimi nikashuka kwenye kreti na kusogea pembeni, uso ukutani, kama inavyotakiwa.

Nikasubiri nisikie mlio wa kipimo.

Sikusikia kitu. Nikageuza jicho kidogo tu. Magesa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye kreti langu, kichwa chini, kipimo mkononi, anaangalia lile kreti kama mtu anayeangalia kitanda cha mama yake. Angepandaje? Ningekuwa mimi, ningepandaje? Kisha akaenda zake meza inayofuata. Alipomaliza akamwambia meneja kwamba zote ziko tayari.

Nilijua. Nataka mlielewe hilo, maana wengi walioniliwaza wananiambia, "Mama, wewe ungejuaje?" Nilijua! Nilimwona kwa macho yangu ameniruka. Na moyoni nilisemaje? Nilisema, kijana ana adabu huyu. Nikapanda kreti langu nikaendelea kupanga minofu.

Meza yangu ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazina. Ilikuwa ya pembeni, na ukingoni pake kulikuwa na ubao wa chuma wa kuzuia katoni zisianguke. Kwingine kote roboti akikugusa, mkono wako unarudi nyuma, yeye anasimama, yameisha. Kwangu, mkono ukirudi nyuma unakutana na chuma.

Haikupita wiki. Ilikuwa asubuhi, baridi ya chumba kile ya kawaida, tunapiga soga za mtu aliyeuza jogoo wa jirani. Katoni yangu moja ilikaa upande. Nikanyoosha mkono niiweke sawa, kama nilivyofanyaga siku zote. Shemeji akaja. Alikuja haraka kuliko nilivyomzoea. Akaisukuma katoni, katoni ikausukuma mkono wangu, na mkono ukabanwa kwenye kile chuma.

Akasimama. Ndiyo, alisimama, kama tulivyoahidiwa. Lakini alisimama akiwa amenibana!

Maumivu yale sina namna ya kuwasimulia. Jirani yangu akapiga kitufe chekundu. Sasa jamani, kitufe kile kinamkata roboti nguvu zote, naye anakakamaa pale alipo, hasogei mbele wala nyuma. Wanawake wakamvuta, wakamning'inia, wapi. Wa kumlegeza ni fundi, kwa kile kibao chake cha kumwongozea. Na kibao kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo iliyokuwa ubavuni kwangu, karibu kiasi kwamba anayekishika bega lake lazima liguse langu.

Magesa alikuja mbio. Nilimwona. Nikasema moyoni, mwanangu amefika.

Akafika kwenye mstari wa njano uliochorwa sakafuni, akasimama.

Alisimama pale, ndugu zangu. Mikono ameiweka kichwani, machozi yanamtoka, na anaelekeza kwa mdomo. Anawaambia wanawake washike kibao. Wabonyeze pale kushoto. Siyo hapo, juu yake. Hapana, ukurasa umebadilika, rudisheni nyuma. Wanawake ambao hawajawahi kukigusa kibao kile, vidole vimelowa maji ya samaki, kioo hakisikii. Na mimi nimebanwa, naangalia vidole vyangu vinabadilika rangi. Yule kijana angepiga hatua mbili tu. Nilitaka kumwambia, "Njoo." Sikumwita. Maana ningemwitaje mkwe wangu aje tugusane miili mbele ya watu? Tukatazamana, mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu.

Mwishowe kibao kikakubali. Nikaanguka. Hospitali walijitahidi, lakini kidole cha kati walikikata.

Hilo lilikuwa pigo la kwanza, na ningelimeza. La pili ndilo lililonichanganya.

Kampuni ilifanya kikao. Kabla ya siku yenyewe, Nyangeta alikuja nyumbani. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Akanipikia, akanifulia, akanikata kucha za mkono uliobaki. Kisha akakaa chini karibu na miguu yangu akaanza kulia. Akasema wakijua Magesa hakupima kwangu, atafukuzwa, na hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua. Akasema, "Mama, hakufanya kwa ubaya. Alikuheshimu wewe." Akanishika goti. Kwao Bunda nao wakatuma mtu, wakisema mtoto wao asiharibiwe maisha kwa kutofanya jambo ambalo hata mimi mwenyewe ningelimlaumu kama angelifanya.

Ningefanya nini? Niambieni, mama mwenzangu unayesoma, wewe ungefanya nini?

Kwenye kikao waliniuliza kama nafasi yangu ilipimwa. Nikasema sikumbuki. Wakamuuliza Magesa, akasema alipima zote, na kwamba mama yule alikuwa na tabia ya kupeleka mkono njiani kwa roboti. Alisema "mama yule". Na Nyangeta akaitwa athibitishe habari zangu za nyumbani, kwa nini hasa sijui, naye akasema siku hizi macho ya mama yamepungua.

Macho yangu! Mimi ninayeona mchele wenye mawe nikiwa mlangoni.

Nikatoka pale nikiwa ndiye mwenye kosa. Kazi ikaisha. Wakanipa pole, na wakasema kwa huruma kwamba naweza kuleta ndugu yangu achukue nafasi yangu. Nikashukuru. Hapo ndipo ile hali ya kutotulia iliponianza. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti chakula kikaisha. Najiambia nimemwokoa mwanangu na nyumba yake, nimefanya yote yaliyo sawa, sasa mbona miguu haikubali? Natembea mpaka kwenye njia panda, nasahau nilikuwa nafuata nini, narudi.

Nikamwita mdogo wangu, Wegesa, kutoka Butiama. Ni mjane, ana watoto wanaosoma, kazi alikuwa anaitafuta kwa udi na uvumba. Nilimpeleka kiwandani mimi mwenyewe, nikamkabidhi aproni yangu. Akafurahi mpaka akanibeba.

Siku ya kwanza aliondoka alfajiri. Mimi nikabaki nachambua dagaa kwa mkono mmoja. Nikawa nawaza kama watampa gambuti za saizi yake, kama watamwonyesha bafu la miguu, kama ataliona kreti langu. Yeye naye ni mfupi kama mimi. Bila shaka atapanda kreti langu...

Nikaacha dagaa.

Nikampigia Nyangeta. Nikamuuliza, bila salamu, kama Magesa aliwahi kurudi kupima ile meza ya pembeni. Mwanangu akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya:

"Mama, na Mama Mdogo si mkwe pia? Atapimaje?"

Nikauliza, je, mwendo wameupunguza? Akasema hapana, kwa kuwa kikao kilisema kosa lilikuwa langu.

Sijui hata nilikata simu au niliiangusha. Nilitoka na khanga ya ndani, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia kijana akanyage mafuta. Njia nzima nilikuwa nahesabu vidole vya mdogo wangu kichwani. Mlinzi wa getini alinizuia, akasema Mama Nyangeta wewe siyo mfanyakazi tena. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akanipisha.

Niliingia chumba cha kufungasha na ndala za nyumbani, sikunawa, sikuvaa kofia. Wegesa alikuwa juu ya kreti langu, anatabasamu, mkono wake wa kulia uko juu ya katoni. Na Shemeji alikuwa anageuka kumwendea.

Nilimpiga yule roboti kikumbo kwa bega, kwenye kiungo chake cha kati, mahali pa wazi pasipo na ule ukingo wa chuma. Akasimama hapo hapo. Nasema haki yake, alisimama.

Magesa alikuwa upande wa pili, kwenye mlango wake wa mashine. Akaniona, akainamisha kichwa na kugeuka ili aniheshimu. Aniheshimu! Nikazunguka meza. Sikuzunguka kwa njia yangu, nilipita njia yake. Nikamfikia, nikamshika mkono.

Kwa huu huu mkono wa kulia, wenye pengo.

Wanawake waliziba nyuso kwa aproni. Mmoja alisema taratibu, "Mama, umefanya nini?" Magesa akajaribu kurudi nyuma. Mimi mwenyewe nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Lakini sikumwachia. Nikamvuta mpaka meza ya pembeni, nikamshusha Wegesa, nikamwambia mkwe wangu apande.

Akasema, "Mama, siwezi."

Nikamwambia, "Nimeshakugusa. Kilichobaki ni nini? Panda."

Akapanda. Nikasimama bega kwa bega naye, nikamwonyesha mkono wangu ulipokuwa. Meneja alikuwa amefika, anauliza kuna nini. Magesa akaweka kipimo pale kwenye ukingo wa chuma, akamwachia Shemeji aje. Shemeji akaja na kukigonga. Kila aliyekuwa karibu aliona kioo kile. Namba ilipita ile inayoruhusiwa kwa mbali sana.

Magesa akashuka kwenye kreti. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Hapa sijawahi kupima. Nilishindwa kukanyaga anapokanyaga mama." Kisha akakaa chini sakafuni, kwenye maji ya samaki, akalia kama mtoto.

Ndugu zangu, yaliyofuata nitayasema kwa kifupi kwa sababu yananiuma. Kampuni ilimzima roboti. Mtaalamu akaja kutoka mbali, akaondoa kile chuma, akaweka ukingo laini, akapunguza mwendo, akapima kila nafasi mbele ya watu wote. Sasa hivi kila mama anashika kipimo chake mwenyewe na kusoma namba yake. Shemeji anaendelea na kazi, na mimi sina ugomvi naye. Wegesa anasema ni mpole kuliko msimamizi. Mimi nilirudishwa, nagawa aproni na kofia mlangoni.

Na Magesa alifukuzwa.

Kwao Bunda walisema nimemlaani mtoto wao, kwamba mama mkwe aliyemshika mkwe wake bila mbuzi wala wazee amekifunga kizazi. Walitaka kondoo wa kusafishia. Nilimpeleka kondoo, mweupe, mnono. Wakamrudisha. Mume wangu naye hatimaye alikuja kutoka Buhemba, siku hiyo ndiyo alipata nafasi, akaja kunigombeza kwamba nimeaibisha ukoo. Nilimpa chai akanywa, nikamwonyesha barabara.

Nyangeta alihama na mumewe kwenda kwao Bunda. Siku ya kuondoka alipita nyumbani kuchukua masufuria yake. Hakukaa. Nilimwambia kwamba nilifanya vile kwa ajili ya mama yake mdogo. Akanijibu kwamba kwa ajili yake yeye nilishanyamaza kikaoni, kwa nini sikunyamaza mara moja zaidi. Akabeba masufuria, akaenda. Mpaka leo namjibu kichwani. Nikiwa naosha uso namjibu, nikiwa njiani namjibu, na kila jibu nikilifikisha mwisho naona halitoshi.

Kwenu mnaosoma, hasa mnaofanya kazi na mashine hizi mpya. Msiziogope. Zinasimama kama mlivyoambiwa, ilimradi mtu amezipima mahali mnaposimama ninyi, kwa urefu wenu na kwa mikono yenu. Mtu wa usalama akipima kote akakuruka wewe, mwite. Awe mkwe wako, awe mchungaji wako, awe mtoto uliyemnyonyesha, mwite apande kreti lako. Mkikuta mila inawazuia kukaribiana, fanyeni mbuzi mapema, msimsubiri mtu aliye Buhemba. Na kama mmeshaumia, msikubali kusema "sikumbuki" ili nyumba ya mtu isimame. Mimi nilisema, na nusura mdogo wangu alipe.

Mwanangu alijifungua. Sikupigiwa simu. Niliambiwa na mama mmoja wa sokoni anayefuata viazi Bunda, akidhani najua. Nikamuuliza ni wa kike au wa kiume, akanishangaa, akasema hakuuliza. Nikamlipa viazi nikaondoka, nikarudi tena kumuuliza kama mtoto alionekana mzima. Akasema alimwona amebebwa mgongoni, amelala.